Kidude cha Matundu Kimenifukuza Kazi Nyumbani Kwangu

Roshani ya ghorofa ya tatu,
Mtaa wa nyuma ya stesheni,
Tanta, Misri.
Jumamosi, baada ya alasiri.

Kwa shemeji yangu mpenzi Wagdi, katika jiko lolote ulilomo huko Milano,

Assalaam alaykum.

YAH: OMBI LA KUREJESHWA KAZINI NA KUONDOLEWA KWA KIDUDE

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na wanao, pamoja na mkahawa unaopikia. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Shemeji, mimi si mtu wa kulalamika. Miaka yote niliyotangaza treni pale stesheni, iliyochelewa niliitangaza kwa sauti ileile ya iliyowahi, na hakuna abiria aliyewahi kusema kwamba Shauki alinung'unika kwenye kipaza sauti. Lakini sasa maji yamenifika shingoni. Kile kidude ulichomletea dada yako ulipokuja likizo, kile cheupe cha duara, chenye matundu makubwa na madogo, ambacho mtu hupitisha shina la mboga tunduni, akavuta, majani yakabaki huku na shina likatokea kule, kimenitia katika balaa ambalo simwombei hata adui.

Najua ulikileta kwa nia njema. Ulituambia kwamba huko Italia wanachambulia majani ya viungo, yale yenye mashina makavu kama vijiti. Sawa. Waitaliano na wachambue wapendavyo, sina ugomvi nao. Lakini hapa ni Misri, mboga yetu ni mlenda, na mlenda wa nyumba hii tangu nilipostaafu ulikuwa na mchambuaji wake. Mchambuaji huyo ndiye anayekuandikia.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kuachishwa kazi bila taarifa.

Unakumbuka nilivyostaafu. Wiki ya kwanza nilikaa sebuleni nikimtangaza dada yako Insaf kila alipotoka jikoni. Wiki ya pili niliyapanga upya makopo ya jikoni kwa kufuata urefu, chumvi ikakaa na sabuni ya unga, na usinikumbushe kilichotokea. Dada yako akashika kiuno, akasema, "Baba Dalia, ama nikutafutie kazi, ama nikutafutie stesheni nyingine." Akaniwekea sinia mbele, akatupa juu yake fungu la mlenda.

Shemeji, kazi hiyo niliipata bila kujuana na mtu, na niliifanya kwa moyo wangu wote. Insaf upande mmoja wa sinia, mimi upande wa pili. Majani kwenye sinia, mashina juu ya gazeti sakafuni. Yeye anachambua na kusema, mimi nachambua na kusikiliza. Mlenda una vijani vidogo, hauna haraka. Tulikuwa tukianza baada ya adhuhuri, chai inakuja, chai inakwisha, na bado kuna fungu.

Ukaja wewe na sanduku lako. Siku ya pili yake nilikaa mahali pangu, nikakunja mikono ya kanzu, nikangoja sinia. Nikasikia huko jikoni, shwaa, shwaa, shwaa. Nikadhani anachana shuka kuukuu. Kuingia, majani yote yamekuwa kilima, mashina yako uchi, na dada yako anacheka peke yake kama bibi harusi. Nikamwuliza, "Na mimi je?" Akasema, "Wewe pumzika, mpenzi. Umefanya kazi maisha yako yote."

Pumzika! Shemeji, kwetu sisi neno hilo huambiwa mgonjwa, na baada ya hapo huambiwa maiti.

2. Kuhusu kukatiwa habari.

Watu wanaotazama juu juu hudhani kuchambua mlenda ni kuchambua mlenda. Wewe umelelewa penye sinia la mama yako, unajua kwamba habari zote za jengo hupita hapo. Nani amegombana na nani, nani amenunua friji na hana pa kuiweka, nani anasema ni mgonjwa na ameonekana kwenye mduara wa ngoma. Sasa dada yako anamaliza mboga kufumba na kufumbua, anavaa kandambili, anashuka kwa Bi Aida wa chini, na habari zote zinaishia huko huko. Mimi sipati hata makombo.

Matokeo yake nakueleza bila kuficha. Juma lililopita nilikutana ngazini na Bwana Labib wa ghorofa ya nne, amebeba masanduku ya zawadi yaliyofungwa utepe. Nikajua ni za posa ya binti yake. Nikamkumbatia, nikambusu mashavuni, nikamtangazia kwa sauti ya kazi yangu, ile inayofika mpaka jukwaa la mwisho: "Hongera, hongera, elfu hongera! Kijana ni dhahabu! Mungu asiwatenganishe!" Milango ikafunguka juu na chini. Wanawake wawili wakapiga vigelegele kwa mazoea, kisha wakajiziba midomo.

Kumbe posa ilikuwa imevunjika, na Bwana Labib alikuwa anarudisha zawadi kwa watu wa kijana. Jengo zima lilikuwa linajua. Bawabu alikuwa anajua. Bawabu anayelala mchana kutwa! Bwana Labib alinitazama, akasema, "Shauki, Mungu akusamehe," akashuka na masanduku yake. Nilitamani ardhi inimeze, ila tulikuwa ghorofa ya tatu.

Nikamvaa Insaf: "Mama Dalia, mbona hukuniambia?" Akanijibu bila hata kugeuka, "Ningekuambia saa ngapi? Siku hizi hatukai."

Naomba uisome tena sentensi hiyo, shemeji. Ameisema yeye, si mimi.

3. Kuhusu kushuka kwa mshtuko.

Wewe ni mpishi, sina haja ya kukufundisha. Mlenda unapoiva, kitunguu saumu na giligilani vikishakaangwa kwenye samli, vinapomiminwa chunguni lazima mpishi avute pumzi kwa kishindo, "Hhhaaa!", kama aliyeona nyoka chini ya kitanda. Bila mshtuko huo mlenda haushikani. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akivuta pumzi, paka wa mtaa wa pili wanaruka ukuta.

Sasa basi. Mimi nimelichunguza jambo hili nikiwa sina kazi nyingine. Mshtuko hautoki patupu. Insaf alikuwa anakaa kwenye sinia mchana mzima akinisimulia ya watu, "Haki ya Mungu, Baba Dalia, ndivyo alivyomwambia mkwewe!", na mimi namwambia, "Wacha wee!", na yeye anasema, "Ngoja, bado hujasikia." Kufika wakati wa kitunguu saumu, kifua kimejaa mastaajabu, mshtuko unatoka wenyewe. Siku hizi anasimama jikoni kimya, anamimina, anafanya "hh". "Hh" tu! Kama mtu aliyekumbuka kwamba hajaanua nguo.

Mlenda nao umejua. Ijumaa ya juma lililopita Dalia alikuja na mumewe na wajukuu. Sungura alikuwa ameiva vizuri, wali ulikuwa mzuri, lakini mlenda uligawanyika bakulini, majani chini, maji juu, kila mmoja kivyake kama wapangaji waliogombana. Mkwe wetu, ambaye siku zote hulamba mpaka bakuli la mwenzake, aliomba kachumbari. Aliomba kachumbari, shemeji, katika nyumba ya baba mkwe wake.

Fuata nami hesabu hii polepole. Mkwe akikosa mlenda, ataondoka mapema. Akiondoka mapema, ataondoka na Dalia. Dalia akiondoka, wajukuu wataondoka, na watakua bila kujua sauti yangu. Hiyo ni nyumba moja. Misri ina wastaafu wangapi wanaochambua mlenda? Chukua wote hao, wanyang'anye sinia, waambie wapumzike. Watafanya nini na mikono yao? Watarekebisha mabomba ya maji, kwa sababu hakuna mstaafu asiyeamini kwamba anaweza kurekebisha bomba. Kila nyumba bomba litapasuka. Maji yatamwagika usiku na mchana kutoka Aswan mpaka baharini, na mto Nili wenyewe utakauka, na historia itauliza, ni nani aliyekileta kile kidude? Mimi sitataja jina. Lakini nitaulizwa, na nimezoea kutangaza.

4. Hili nimelifuta. Lilihusu urefu wa mazungumzo ya dada yako kwenye simu. Amekuja kuanika mashuka nyuma ya kiti changu.

5. Kuhusu mashindano.

Usidhani nilikaa tu nikajiinamia. Kwanza nilimwambia Insaf kwamba kidude kimepigwa jicho baya, majirani wanakihusudu, afadhali kikae kabatini. Alinishukuru sana. Akakifunga ushanga wa buluu wa kukinga jicho, akaendelea kuchambua.

Ndipo nikaamua kupambana uso kwa uso. Nilikwenda sokoni nikarudi na mlenda wa kutosha kugandisha mpaka Ramadhani, nikauweka sebuleni mafungu mawili sawasawa, nikatangaza: mimi na vidole vyangu, yeye na kidude chake, na Mungu ni shahidi. Bi Aida akapanda kuwa mwamuzi. Mzee Sabir, yule bawabu, akaja eti kuulizia kama tumeagiza gesi, akavuta kiti.

Sitakueleza yote. Nitakuambia tu kwamba dada yako alimaliza fungu lake, akanywa chai, akashuka kununua mikate, akarudi, akamkuta Bi Aida amelala kochini na mimi niko katikati ya safari. Lakini majani yangu, shemeji! Kila jani zima, halina mchubuko, ungeweza kulipeleka kwa sonara. Ya kwake yalikuwa yamechanika, mengine yamesagika. Nikasimama nikasema, "Waheshimiwa, tazameni ubora!"

Bi Aida akafumbua jicho moja. "Jamani," akasema, "si yote yanakwenda kukatwakatwa na kisu? Au huyu mume wako anataka kuyavalisha nguo?"

Na Mzee Sabir, ambaye nimempa sigara zangu mara ngapi sijui, akatikisa kichwa akasema, "Bwana Shauki, hata treni za makaa zilikuwa nzuri. Ziliondoka."

Walicheka. Insaf alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nilicheka, ili isije ikaonekana nimeumia. Nimeumia.

6. Kuhusu kukasirika kwangu rasmi, na wajibu wako.

Desturi zetu unazijua. Mke akikasirika anafunga kimkoba chake, anakwenda nyumbani kwa kaka yake, anakaa huko na uso umenuna, mpaka wazee waje wakae, wanywe chai, wampe mume maneno yake, na mke arudi kwake kwa heshima. Ni desturi nzuri. Kasoro yake ni moja tu: haikusema mume akikasirika aende wapi.

Mimi nimeitafsiri hivi. Mume aliyeonewa na mke naye aende kwa kaka wa mke. Wewe uko Italia, viza sina. Kwa hiyo Jumanne nilichukua mto wangu, redio ndogo na kandambili, nikahamia roshani. Insaf alinikuta mlangoni. "Unakwenda wapi na mto?" Nikamjibu kwa utulivu, "Nimekasirika. Nakwenda kwa kaka yako." Akasema, "Haya, umsalimie." Kisha akafunga mlango wa kioo kwa sababu ya mbu.

Uelewe basi kwamba tangu Jumanne roshani hii ni nyumba yako, na mimi ni mgeni wako. Naomba radhi kwa nitakayosema, lakini ukarimu nyumbani kwako ni mdogo. Chai ya asubuhi hupitishwa kwangu dirishani kama kwa mfungwa. Njiwa wako hawana adabu. Na mwanamke wa jengo la mbele ananipungia mkono kila akifungua dirisha, jambo ambalo Insaf ameliona, na bado hajasema kitu, jambo ambalo limenitia wasiwasi zaidi kuliko mbu.

Wajibu wako ni kuja na wazee wawili wenye ndevu za kutosha, umkalishe dada yako, umkaripie. Masharti yangu si mengi. Kidude kirudi kilikotoka. Mimi nirudishwe upande wangu wa sinia, pamoja na haki zangu zote. Habari za jengo zipite kwangu kabla ya kushuka kwa Bi Aida. Kuhusu mshtuko, naamini utarudi wenyewe. Ukishindwa kuja, andika barua kali. Na ukishindwa hata hilo, nitalazimika kuingia jikoni kupika mwenyewe, na wewe ulikuwepo siku ya mayai.

7. Hili halina kichwa cha habari.

Wagdi, nikuambie kweli bila mzaha. Mimi na dada yako hatukuwa tunazungumza. Usinielewe vibaya, hatukugombana. Hatukuwa na wakati. Nilikuwa na zamu za alfajiri na zamu za usiku, nikirudi ana watoto, watoto wakilala na yeye amelala. Nimetangaza majina ya miji yote ya nchi hii kwa watu nisiowajua, na nyumbani nilikuwa nasema, "Kuna chakula?" Tumelea watoto, tumeoza binti, tumemzika mama yako, yote hayo kwa maneno machache kama watu wanaosaidiana kupandisha kabati ngazini. Ni kwenye sinia la mlenda ndipo nilipojua kwamba dada yako ni mchekeshaji. Nilikuwa sijui! Anaigiza sauti ya kila mtu wa jengo hili, hata yangu. Hasa yangu.

Nampenda, shemeji. Nimechelewa, lakini treni iliyochelewa nayo ni treni. Na sijui namna ya kumwambia mwanamke wa umri wetu aje akae nami hivi hivi, bila mlenda, bila sababu. Nitamwambiaje? "Insaf, njoo ukae"? Atanishika kipaji cha uso anipime homa. Kisha atampigia simu Dalia, na Dalia atakuja na mumewe, na mumewe ataomba kachumbari.

Kwa hiyo naomba jambo hili ulitazame kwa jicho la huruma na la haraka. Kiondoe kidude. Nirudishie mashina yangu.

Nisalimie sana mkeo, na umwambie kwamba hili halimhusu. Wasalimie watoto, na yule mdogo aliyekuwa akiniita "Bwana Treni." Wasalimie wapishi wenzako wote, pamoja na mwenye mkahawa, ambaye simjui lakini nahisi ni mtu wa watu. Bi Aida hakusalimu, kwa kuwa hajui kama nakuandikia, na safari hii atakuwa wa mwisho kujua jambo.

Ni mimi shemeji yako na mgeni wako uliyemtelekeza,

Shauki Abdelmaugudi,
Mtangazaji Mstaafu na Mchambuaji Aliyeachishwa

TANBIHI: Shemeji, nilikuwa nimeshalamba bahasha, nimeifungua tena. Insaf amekuja hapa kwako. Alifungua mlango wa kioo kwa kisigino, mikononi amebeba sinia. Nikatazama, hakuna mlenda. Kuna kidude.

"Baba Dalia, una macho?" akaniuliza. Nikamwambia ninayo, na miwani ninayo. Akanionyesha. Matundu yote yameziba! Ute wa mlenda umeingia humo ukakauka kama gundi, na yale madogo ndiyo yamekufa kabisa. Maji ya moto hayafai kitu, na brashi haipiti. Dawa yake ni kijiti cha meno, tundu baada ya tundu, polepole, ukilazimisha plastiki inapasuka. "Na mimi sina subira hiyo," akasema. "Bi Aida ndiyo kabisa, angekitupa nje. Nikasema hapa nyumbani mtu wa kazi hii ni mmoja tu." Akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa sinia, akanipa kijiti, akachukua na chake, akasema, "Sasa sikiliza, wewe uliyekuwa safarini."

Tumekaa mpaka adhana ya magharibi, na bado matundu madogo hatujayagusa. Anasema kidude kikitumika kila siku kitaziba kila siku. Nimemwambia akitumie bila wasiwasi, hata asubuhi na jioni.

Kwa hiyo usije, na hao wazee waache wapumzike. Ila ukitembea madukani huko, tazama kama kuna chenye matundu mengi zaidi, madogo madogo, yale yanayoziba upesi. Tuletee viwili.